Chama Kilichozaliwa na Bango

Vyama vingi huanza kwa mkutano. Watu wanakaa, wanachagua mwenyekiti na katibu, wanabishana juu ya katiba, na bango huja mwishoni, siku fedha zikipatikana. Chama cha Maveterani wa Vietnam Wanaopinga Vita, kinachojulikana kwa herufi zake VVAW, kilikuja kinyumenyume.

Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 1967, umati wa watu zaidi ya laki moja uliandamana jijini New York kutoka bustani ya Central Park hadi makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Martin Luther King alikuwa miongoni mwa wasemaji. Siku kumi na moja kabla, katika kanisa la Riverside, alikuwa amejitoa waziwazi kuilaani vita ya Vietnam, jambo lililowaudhi hata baadhi ya rafiki zake. Waandaaji walikuwa wameshona bango lenye jina la maveterani wa Vietnam wanaopinga vita, wakatangaza kwamba waliopigana huko wasogee mbele walishike. Walijitokeza vijana wachache, sita kwa hesabu inayotajwa zaidi. Mmoja wao, Jan Barry, alikuwa fundi wa redio za jeshi huko Vietnam mwaka 1962 na 1963, kisha akaingia chuo cha maofisa cha West Point na kukiacha kwa hiari yake. Maandamano yalipokwisha akaulizia chama kile kilichoandikwa kwenye kitambaa, ili ajiunge. Akaambiwa hakuna chama, kuna bango tu. Basi yeye na wenzake wakakiunda, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo kikazaliwa rasmi, Barry akiwa rais wake wa kwanza.

Mwaka huo wapinzani wa vita walikuwa na majina mengi ya kupewa: waoga, watoto wa matajiri waliojificha vyuoni, vibaraka wa Moscow. Hakuna hata moja lililomkaa vizuri mtu aliyetoka huko na kovu mwilini. Nguvu yote ya VVAW ilikuwa katika neno moja ambalo mwanachama wake aliweza kulisema mbele ya seneta au mbele ya baba yake: nilikuwepo. Hapo ndipo kilipopata heshima. Na kwa miaka yote iliyofuata, waliotaka kukivunja walilenga hapohapo.

Msomaji wa kwetu akitajiwa Vietnam pengine atamkumbuka kwanza Muhammad Ali, ambaye siku kumi na tatu tu baada ya maandamano yale alikataa kuandikishwa jeshini mjini Houston. (Ndiye huyo ambaye Rais Carter alimtuma Dar es Salaam mwaka 1980 kuombea mgomo wa Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere akakataa kumwona.) Ali alilipa kwa taji lake na kwa miaka ya ujana wake ulingoni. Lakini Ali hakwenda. Hawa walikwenda, wakafanya walichotumwa, kisha wakarudi kusema kwamba walichotumwa hakikuwa haki. Ni ushujaa wa aina nyingine, na mzigo wake ni mzito kwa namna nyingine, kwa sababu anayeshuhudia anajitaja na yeye mwenyewe.

Hawakuwa wa kwanza kabisa. Smedley Butler, jenerali wa kikosi cha Marine aliyetunukiwa Nishani ya Heshima mara mbili, alizunguka Marekani miaka ya 1930 akieleza kwamba vita ni biashara ya wachache inayolipwa kwa damu ya wengi. Ila Butler alisema baada ya kustaafu, juu ya vita vilivyokwisha, na alisema kama mtu mmoja. Vijana wa VVAW walisema huku ndege zikiendelea kupeleka wenzao kulekule walikotoka.

Miaka miwili ya kwanza haikuwa na makubwa. Novemba 1967 walichapisha tangazo katika gazeti la New York Times likiwa na majina ya maveterani 65. Mwaka 1968 wengi walitia nguvu zao katika kampeni ya Seneta Eugene McCarthy, na alipokosa kuteuliwa na chama chake, VVAW ikabaki karibu na jina tu. Kilichoifufua ni habari mbaya. Novemba 1969 Wamarekani walisoma kwamba tarehe 16 Machi ya mwaka uliotangulia, kombania moja ya jeshi lao iliingia kijiji cha My Lai na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Habari hiyo ilianza kufukuka kwa sababu askari mmoja, Ron Ridenhour, alikusanya masimulizi ya wenzake na kuwaandikia barua viongozi wa nchi. Kisha Aprili 1970 Rais Nixon akapeleka majeshi Kambodia, na tarehe 4 Mei askari wa akiba wakawapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Simu za VVAW zikaanza kulia tena.

Septemba 1970 wakafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana katika vijiji vya New Jersey. Zaidi ya veterani 150, wakiwa na magwanda na bunduki za bandia, walitembea kwa siku nne kutoka Morristown hadi Valley Forge, Pennsylvania, njia waliyoichagua kwa sababu ni ya jeshi la George Washington katika vita vya uhuru. Kila walipopita waliigiza walichokuwa wakifanya Vietnam: walivamia, wakawakamata waigizaji waliojifanya wanakijiji, wakawahoji kwa vitisho, wakawafunga mikono. Baada yao ziliachwa karatasi zikimwambia mwenyeji kwamba kombania ya askari wa miguu wa Marekani imepita hapa, na kwamba kama angekuwa Mvietnam, huenda nyumba yake ingekuwa imechomwa na mwanawe ameuawa. Wapo waliowazomea, hasa maveterani wa vita vya Hitler. Wapo waliowaletea maji.

Aliyeyabuni matembezi hayo alikuwa katibu mtendaji Al Hubbard, Mmarekani mweusi aliyekuwa pia mtunzi wa mashairi. Tutarudi kwake.

Detroit ilikuwa kazi nzito zaidi. Serikali ilikuwa ikisema kwamba My Lai ni aibu ya luteni mmoja aliyepotoka, William Calley, na vijana wake. VVAW ilitaka kuonyesha kwamba Calley hakuota peke yake. Wakaamua kuitisha baraza la ushuhuda, wakalipeleka Detroit badala ya Washington, kwa kuwa huo ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na familia za wafanyakazi wa aina hiyo ndizo zilizotoa vijana wengi wa vita. Wakaliita uchunguzi wa askari wa majira ya baridi. Mwaka 1776 Thomas Paine aliandika kuwasuta askari wa kiangazi, wale wanaokuwepo hali ikiwa njema na kutoweka baridi ikiingia. Vijana hawa walijiona kuwa kinyume chao, walinzi wa nchi katika majira mabaya.

Lakini mwezi mmoja kabla, pigo likaja. Mwanasheria Mark Lane alikuwa ametoa kitabu cha masimulizi ya ukatili kutoka kwa askari, na mwandishi Neil Sheehan akakifukua katika New York Times: baadhi ya mashahidi wake hawakuwa walivyojieleza. Sheehan mwenyewe hakuwa mtetezi wa vita. Miezi michache baadaye ndiye aliyefichua nyaraka za siri za Pentagon. Onyo lake likasikika. VVAW ikadai kila shahidi aje na hati yake ya kuachishwa jeshi, ataje kikosi, mahali na muda, na wakawapanga mezani kwa divisheni zao, ili atakayedanganya akae kando ya mtu aliyekuwa naye msituni.

Kuanzia tarehe 31 Januari hadi 2 Februari 1971, katika hoteli ya Howard Johnson, veterani 109 walikaa mbele ya vipaza sauti pamoja na raia 16. Walieleza mateka walivyoteswa kwa umeme wa simu za medani, walivyosukumwa kutoka kwenye helikopta, vijiji vilivyochomwa kwa kuwa risasi moja ilitokea upande ule, maiti za wakulima zilizohesabiwa kuwa za adui ili takwimu za kombania zipendeze. Mpango ule wa divisheni kwa divisheni ulizaa kitu ambacho nadhani waandaaji wenyewe hawakukipima vya kutosha. Mtu wa kaskazini na mtu wa kusini, wa mwaka 1965 na wa mwaka 1969, wasiojuana kabisa, walisimulia mazoea yaleyale. Kosa la mtu mmoja halijirudii hivyo.

Wavietnam wenyewe walitakiwa kusema pia, kutoka mji wa Windsor upande wa pili wa mto, nchini Kanada, wakionekana kwa televisheni. Kanada ikawanyima viza. Ushuhuda ukabaki wa upande mmoja wa bunduki, na pengo hilo liko hadi leo katika kumbukumbu zote za Detroit.

Magazeti makubwa ya pwani ya mashariki karibu yanyamaze. Seneta Mark Hatfield wa Oregon aliyaingiza maneno yote ya mashahidi katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na wasanii wa sinema waliokuwepo na kamera zao wakatoa filamu mwaka 1972 ambayo watu wachache waliiona. Ajabu ya mambo ni kwamba jarida lililowaletea wanachama kwa maelfu mwezi huohuo wa Februari ni Playboy, lililowapa ukurasa mzima wa tangazo bila malipo. Askari wengi walilisoma, na si lazima tuulize walilisomea nini.

Sasa wakaenda Washington. Walikuwa wamejifunza kwamba mtu hasikilizwi kwa kuwa na habari nzito tu. Anasikilizwa akikaa mlangoni.

Jeshi la Marekani lilikuwa limeziita operesheni zake mbili za mpakani na ndani ya Laos kwa jina la Dewey Canyon. VVAW ikaita ya kwake ya tatu, na kwa lugha ileile ya kijeshi ikatangaza uvamizi mdogo katika nchi iitwayo Bunge. Tarehe 19 Aprili 1971, zaidi ya veterani elfu moja, wenye nywele ndefu na magwanda yaliyochakaa, wengine kwenye viti vya magurudumu, waliandamana pamoja na akina mama waliofiwa na watoto wao vitani hadi makaburi ya kitaifa ya Arlington. Wakakuta lango limefungwa. Akina mama waliweka mashada nje ya uzio, na kesho yake wote wakarudi tena, mpaka lango likafunguliwa. Siku hizo ndipo lilipotokea jibizano linalokumbukwa na kila mzee wa VVAW. Mama mmoja wa chama cha mabinti wa mapinduzi ya Marekani alimsimamisha kijana mwandamanaji akamwambia kwamba analofanya si jema kwa wanajeshi wetu. Kijana akamjibu: "Mama, wanajeshi wenyewe ndio sisi."

Walipiga kambi kwenye uwanja wa Mall, mbele ya Bunge. Wizara ya Sheria ikaenda mahakamani kuwaondoa. Ramsey Clark, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali chini ya Rais Johnson, akawatetea. Mahakama ya rufani ikawaruhusu kubaki, Jaji Mkuu Warren Burger akarudisha zuio, na Mahakama Kuu ya nchi ikatoa uamuzi wa kuchekesha: wanaweza kukaa uwanjani usiku kucha, ila wasilale. Veterani wakakaa kwa vikundi vya majimbo yao, wakajadili, wakapiga kura. Kura 480 zilisema tulale, 400 zilisema tukeshe. Tofauti hiyo ya kura themanini inanivutia kuliko sherehe nyingi za siku zile, kwa sababu inaonyesha watu waliokuwa bado wanaiheshimu sheria na hawakuwa na uhakika kama wakati wa kuivunja umefika. Walilala. Polisi hawakumgusa mtu. Waliozunguka kambini usiku walikuwa na maagizo ya kutoamsha watu, na asubuhi gazeti moja la mjini likaandika kwamba maveterani wameitengua hukumu ya Mahakama Kuu. Jaji aliyetoa zuio la awali akalifuta mwenyewe na kuikemea serikali kwa kuomba amri ambayo haikuwa na nia ya kuitekeleza.

Ikulu ilikuwa na jibu lingine: ilidokeza kwamba wengi wa wale wenye nywele ndefu hawakupigana popote. Kambi ikaanza kukusanya hati za kuachishwa jeshi, moja moja, kuwaonyesha waandishi. Na veterani mmoja akatania kwamba kama Ikulu inadhani ni asilimia 30 tu kati yao ndio maveterani, basi na wao ni asilimia 30 tu kati yao wanaoamini kwamba Nixon ni rais.

Tarehe 22 Aprili, luteni wa zamani wa jeshi la maji, John Kerry, miaka 27, mwenye nishani tatu za majeruhi na Nyota ya Fedha, alizungumza mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti chini ya uenyekiti wa William Fulbright. Alitoa muhtasari wa yaliyosemwa Detroit, kisha akawauliza wazee wale wanamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Siku hiyohiyo veterani 110 walikamatwa kwenye ngazi za Mahakama Kuu walikokwenda kuuliza kwa nini uhalali wa vita haujawahi kuamuliwa hapo.

Kesho yake wakarudisha nishani. Mpango ulikuwa kuzikabidhi kwa Bunge ndani ya mfuko, lakini walikuta uzio wa mbao na waya umejengwa mbele ya ngazi za jengo. Wakazirusha. Veterani wapatao 800 walipita mmoja mmoja kwenye kipaza sauti. Wengine walitaja jina, kikosi na nishani. Wengine walitaja rafiki aliyekufa. Wengine walishindwa kusema lolote, wakarusha na kuondoka wakilia. Kwa aliyezoea kuona nishani kama mapambo ya gwaride ni vigumu kupima jambo hili. Mtu alikuwa anatupa ushahidi wa pekee uliokubaliwa na kila mtu kwamba aliwahi kuwa shujaa.

Na katika wiki hiyohiyo, ufa ukaonekana. Siku moja kabla ya maandamano, Al Hubbard aliketi pamoja na Kerry katika kipindi cha televisheni, akatambulishwa kama kapteni wa jeshi la anga. Waandishi wa NBC walipochimba, wakakuta alikuwa sajini. Hubbard akakiri kuhusu cheo. Alieleza kwamba aliona hakuna atakayemsikiliza mtu mweusi ambaye juu ya hayo hakuwa ofisa. Wizara ya Ulinzi ikaongeza kwamba haina kumbukumbu yoyote ya yeye kupangiwa kazi Vietnam.

Maelezo ya Hubbard yana ukweli mchungu ndani yake. Chama kilichokuwa kinapinga ubabe wa vyeo kilikuwa kinawasukuma mbele ya kamera maofisa weupe waliosoma Yale. Lakini katika taasisi iliyojengwa juu ya neno nilikuwepo, uongo wa kiongozi mmoja ulikuwa zawadi kwa Ikulu. Msaidizi wa Nixon, Charles Colson, tayari alikuwa anatafuta veterani wa upande wa pili. Akampata John O'Neill, ofisa wa boti kama Kerry, na Juni 1971 wawili hao wakabishana katika kipindi cha Dick Cavett. O'Neill huyo tutamwona tena baada ya miaka 33.

Chama kikaendelea kukua, wanachama wakafikia takriban 25,000 kwa makadirio yake. Mei 1971 zaidi ya watu 400, maveterani miongoni mwao, walikamatwa usiku kwenye uwanja wa kihistoria wa Lexington, Massachusetts. Siku baada ya Krismasi ya mwaka huo, veterani 15 walijifungia ndani ya Sanamu ya Uhuru na kupandisha bendera juu chini, ishara ya kijeshi ya kuomba msaada. Agosti 1972, Nixon akihutubia mkutano mkuu wa chama chake Miami Beach, veterani watatu wenye viti vya magurudumu walianza kupaza sauti ukumbini mpaka wakasukumwa nje. Wawili kati yao ni Ron Kovic na Bobby Muller.

Ndani, hali ilikuwa inachacha. Katika kikao cha Kansas City, Novemba 1971, Scott Camil wa Florida, mmoja wa mashahidi wakali wa Detroit, alileta wazo la kuwaua wabunge waliounga mkono vita. Likakataliwa. Kerry alijiondoa katika uongozi wakati huohuo. Historia za kusifu hupenda kulipita jambo hili kimya, na sioni sababu. Watu waliofundishwa kuua wakiwa na miaka 19 walilizungumza, wakapiga kura, wakalikataa. Shirika la upelelezi la FBI lilikuwa na masikio ndani ya chumba, na mwaka 1972 Camil na wenzake saba wakashtakiwa Florida kwa njama ya kuuvuruga mkutano wa Miami kwa manati, pinde na mabomu ya kuwasha moto.

Kesi hiyo, iliyojulikana kama ya Wanane wa Gainesville, ingefaa kuandikiwa tamthilia. Siku za mwanzo, mawakili wa utetezi waliona kivuli kwenye tundu la hewa la chumba chao cha faragha mahakamani. Stoo ya jirani ilipofunguliwa wakakutwa maofisa wawili wa FBI na vifaa vya umeme. Maofisa wakasema wanakagua kama simu za serikali zimetegwa. Baadaye upande wa mashtaka ukamwita shahidi Emerson Poe. Camil alimjua Poe kama rafiki yake wa karibu kuliko wote. Alikuwa amekaa katika vikao vya kupanga utetezi, na muda wote alikuwa mtoa habari wa FBI. Tarehe 31 Agosti 1973, baraza la wazee wa mahakama lilihitaji chini ya saa nne kuwaachia huru wote wanane.

Kuachiwa huru hakukurudisha kuaminiana. Vita kwa Wamarekani vilikwisha na mkataba wa Paris wa Januari 1973, na chama kikaongeza kwenye jina lake maneno ya askari wa majira ya baridi ili kuwapokea wasio maveterani. Kikundi kidogo cha siasa za Mao kikakishika, wengi wakaondoka, na mwaka 1978 kikagawanyika. Waliobaki na jina la VVAW ni wale waliotaka kurudi kwenye mambo ya maveterani wenyewe. Hadithi hii imerudiwa na vyama vingi vya mrengo wa kushoto na haina jipya la kutufundisha.

Jipya lilikuwa limefanyika kimyakimya, katika ofisi ya New York, tangu Desemba 1970. Jan Barry aliona kwamba wenzake hawalali. Wanaamka wakipiga kelele, wanawapiga wake zao, wanakunywa, wengine wanajiua. Hospitali za serikali ziliwapa vidonge au kuwaambia kwamba tatizo ni la utotoni. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa na jina la hali hiyo katika kitabu chake cha magonjwa cha mwaka 1952, kisha mwaka 1968, vita vikiwa kileleni, toleo jipya likaliondoa. Barry akamwandikia Robert Jay Lifton, daktari wa akili aliyewahi kuwahoji manusura wa Hiroshima. Lifton akaja pamoja na mwenzake Chaim Shatan.

Waliambiwa tangu mwanzo kwamba hawaji kama madaktari. Kila wiki walikaa chini pamoja na maveterani kwa saa nyingi, na veterani aliweza kumuuliza daktari na yeye ana hofu gani. Hakukuwa na faili wala mgonjwa. Walichogundua ni kwamba kwa wengi jeraha halikuwa woga wa kufa. Lilikuwa kile walichokifanya, na hasira ya kugundua kwamba walitumwa kukifanya bila sababu. Mtu kama huyo hatibiwi kwa kuambiwa asahau. Mei 1972 Shatan akaandika juu ya hali hiyo katika New York Times. Mjini Boston, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Sarah Haley, aliyehudumia maveterani hospitalini, aliwaonya wenzake kwamba veterani akisimulia mauaji, hatua ya kwanza ni kumwamini. Wakaungana na maveterani kuwasukuma wakuu wa taaluma, miaka ikapita, na mwaka 1980 ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe ukaingia katika toleo la tatu la kitabu kile. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limeidhinisha vituo vya ushauri vya mitaani kwa maveterani, vinavyofuata mtindo wa vikao vya New York.

Leo mhudumu anayemsikiliza mkimbizi wa Kivu katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anatumia kipimo kilichotokana na vikao vile. Kwa maoni yangu hiki kitadumu kuliko nishani zilizorushwa, ingawa picha zinabaki kuwa za nishani.

Mwili nao ukaanza kutoa ushahidi wake. Kati ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, sehemu kubwa ikiwa ile iliyoitwa Agent Orange, yenye sumu ya dioksini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Maude DeVictor, mfanyakazi wa idara ya maveterani mjini Chicago, alianza kuona mafaili ya watu wenye saratani na watoto wenye ulemavu yakifanana. Baada ya televisheni ya mji huo kurusha habari hiyo mwaka 1978, VVAW, ambayo makao yake yalikuwa yamehamia Chicago, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwatafuta wagonjwa na kuwaambia wadai haki yao. Mwaka 1984 kampuni zilizotengeneza dawa hiyo zilikubali kulipa dola milioni 180. Sheria ya kuwafidia maveterani ikapitishwa mwaka 1991. Wavietnam waliofungua kesi katika mahakama za Marekani hawakupata kitu, na gazeti la chama, The Veteran, limekuwa likiliandika hilo miaka nenda rudi.

Wengine walipeleka neno lao mbali zaidi. Bobby Muller, yule wa kiti cha magurudumu, aliasisi chama kingine cha maveterani mwaka 1978. Mfuko alioufungua baadaye ukawa miongoni mwa mashirika yaliyoanzisha kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, iliyopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1997. Mwaka huohuo mkataba ukatiwa saini Ottawa. Msumbiji, ambako mabomu hayo yaliendelea kukata miguu ya wakulima miaka mingi baada ya vita kwisha, ilitangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015.

Mwaka 2004 Kerry aligombea urais, na John O'Neill akarudi. Kundi la O'Neill lilirusha matangazo ya televisheni yakihoji nishani za Kerry na ushuhuda wake wa mwaka 1971. Mafaili ya jeshi la maji yalikuwa upande wa Kerry, uchaguzi haukuwa. Julai mwaka huo, mjini Boston, vijana waliotoka Iraki walitangaza chama chao, wakikipa jina lililoigwa waziwazi kutoka kwa wazee wao. Nao wakagongana na tatizo lilelile. Kijana mmoja aliyejiunga nao alisimulia mauaji misikitini kama askari wa kikosi maalumu. Ikagundulika kwamba aliondolewa jeshini akiwa bado kuruti, na mwaka 2007 akafungwa miezi mitano kwa makosa ya udanganyifu yaliyohusu madai yake ya utumishi.

Kwa hiyo walipoandaa baraza lao la ushuhuda huko Silver Spring, Maryland, Machi 2008, kazi ya kwanza haikuwa kutafuta ukumbi wala fedha. Waliunda timu ya uhakiki. Kila aliyetaka kusema alipeleka hati ya kuachishwa jeshi, picha, amri za uhamisho na majina ya aliokuwa nao, na maveterani wenzake wakampigia simu kumuuliza maswali ambayo ni mtu wa kikosi kile tu angeyajua. Waliokosa vielelezo hawakupanda jukwaani, hata kama masimulizi yao yalikuwa ya kutisha kuliko yote. Waliopanda walisema kwa siku nne.